Hewa ya Wodi Ina Njia Yake: Mwongozo wa Kuidhibiti Isieneze Maambukizi Hospitalini

Ingia wodini alfajiri kabla madirisha hayajafunguliwa. Hata hujamsalimia mtu, pua imeshakuambia jambo ambalo halimo kwenye daftari la zamu: hewa hii ni ileile ya jana jioni. Watu wamelala humu wakiivuta na kuitoa, wakipokezana mpaka kukakucha. Kama mmoja wao ana kifua kikuu ambacho bado hakijagunduliwa, basi chumba kizima kimekesha kikivuta kilichotoka kifuani mwake.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye uwezo wa kubadili hali hiyo: muuguzi msimamizi wa wodi, fundi wa hospitali, mjumbe wa kamati ya kudhibiti maambukizi. Nimeupanga kwa mfuatano ninaoufuata mwenyewe ninapokagua jengo: njia ya hewa kwanza, kiasi chake pili, mashine karibu na mwisho. Hospitali nyingi huanza na mashine, ndiyo maana nyingi zina mashine nzuri zinazosafisha hewa ya kona moja.

Hatua ya 1: Jua kinachoelea

Mgonjwa akikohoa, akiongea au hata akipumua tu, hutoa chembe za majimaji za kila ukubwa. Kubwa huanguka karibu naye. Ndogo hukauka zikiwa hewani na kubaki zikielea kama lile vumbi unaloliona kwenye mwale wa jua uliopenya dirishani. Kifua kikuu, surua na tetekuwanga husafiri hivyo, na UVIKO-19 ukatukumbusha kwamba orodha ni ndefu kuliko tulivyozoea kudhani. Kirusi cha surua kinaweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani.

Kundi la pili halitoki kwa mgonjwa, linatoka kwenye jengo. Mbegu za kuvu aina ya Aspergillus hupanda na vumbi la ukarabati au hutoka kwenye dari lililolowa. Mtu mwenye afya huzivuta kila siku bila habari, lakini mgonjwa wa saratani ambaye kinga yake imeporomoka zinaweza kumuua. Bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia kali, hukaa kwenye maji ya vuguvugu na kuruka na matone madogo ya maji ya bafu au ya minara ya kupozea hewa.

Tofauti ya makundi haya mawili ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Kwa kundi la kwanza unataka hewa ya chumbani isitoke kwenda kwa wengine. Kwa la pili unataka hewa ya nje ya chumba isiingie kwa mgonjwa. Anayeyachanganya hujenga chumba kinachofanya kazi kinyume.

Hatua ya 2: Ifuate hewa kwa macho

Vifaa: njiti ya udi na kiberiti, au ukanda mwembamba wa tishu ya chooni. Mbali na vyumba vyenye oksijeni, tumia udi. Palipo na oksijeni tumia tishu, usiwashe chochote.

Funga mlango wa chumba. Chutama koridoni, shika ukanda wa tishu kwa vidole viwili karibu na uwazi ulio chini ya mlango, kisha usitikisike. Ukivutwa kuelekea ndani, hewa inaingia chumbani. Ukikupepea wewe, inatoka. Ukining'inia tu, hewa haina pa kwenda. Rudia kwenye kila mlango, kila dirisha, kila grili ya feni. Rudia feni zikiwa zimewashwa na zikiwa zimezimwa. Rudia mchana na usiku, maana upepo wa nje hugeuka, na dirisha lililokuwa likiingiza hewa saa nane mchana linaweza kuwa linaitoa saa nane usiku. Chora ramani ya jengo kwa mkono na uweke mishale. Karatasi hiyo itakufaa kuliko ripoti ya mshauri yeyote.

Kama unadhani nakuza mambo, fikiria kilichotokea katika hospitali ya Meschede, Ujerumani, Januari 1970. Mgonjwa wa ndui alilazwa chumba cha peke yake ghorofa ya chini. Hakutoka. Hata hivyo walioambukizwa walikuwemo watu wa ghorofa za juu ambao hawakuwahi kumtia machoni. Uchunguzi wa moshi ulionyesha njia yenyewe: kulikuwa na baridi kali nje na joto ndani, hewa ya chumbani mwake ikawa inapanda, nyingine kupitia ngazi za ndani, nyingine ikitokea dirishani mwake na kukwea ukuta wa nje hadi kwenye madirisha ya juu. Mlango ulilindwa vizuri. Hewa haikuwa na haja na mlango.

Kanuni ya kuchorea mishale ni moja: hewa safi impitie mhudumu kwanza, kisha mgonjwa, kisha itoke nje mahali ambapo hakuna anayekaa. Niliwahi kukuta chumba cha daktari ambamo feni ya mezani iliwekwa nyuma ya kiti cha mgonjwa "ili asisikie joto". Kila aliyekohoa, feni ilimpelekea daktari usoni. Hatukununua kitu. Tuligeuza meza, daktari akawa na dirisha la kuingizia hewa mgongoni na mgonjwa akawa upande wa kutokea, kazi ikaisha ndani ya dakika kumi.

Hatua ya 3: Pima kiasi

Ukishajua hewa inakoelekea, uliza ni nyingi kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linataka wodi za kawaida zipate lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa, na vyumba vya magonjwa yanayoenea kwa hewa, au vinamofanyika mambo kama kuingiza mrija wa kupumulia, lita 160. Kipimo cha pili utakachokisikia ni mara ngapi hewa yote ya chumba inabadilishwa kwa saa.

Kwa wodi inayotegemea madirisha, hesabu ni hii: 0.65 × kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde × eneo la uwazi mdogo zaidi kwa mita za mraba × 1,000. Jibu ni lita kwa sekunde. Zingatia maneno "uwazi mdogo zaidi". Hewa inayoingia kwa dirisha kubwa na kutokea kwa tundu dogo huhesabiwa kwa lile tundu.

Chukua wodi ya mita 10 kwa 6, kimo mita 3. Upande wa kuingilia una madirisha ya kutosha, upande wa kutokea una uwazi wa mita za mraba 1.5 tu. Upepo ni wa kivivu, nusu mita kwa sekunde. 0.65 × 0.5 × 1.5 × 1,000 ni kama lita 487. Gawanya kwa 60: wagonjwa 8. Ukihesabu vitanda ukakuta 14, umeshajua kasoro iko wapi, na huhitaji kubahatisha.

Njia nyingine ni kipima hewa ukaa. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 kwa milioni. Pumzi tunayotoa ina karibu 40,000. Kwa hiyo kipimo kikipanda chumbani, kinakueleza kwamba mnavuta pumzi za wenzenu. Chini ya 800 chumba chenye watu kiko vizuri. Kikiganda juu ya hapo, tafuta uwazi zaidi au punguza watu. Kiweke kimo cha mtu aliyeketi, mbali na dirisha na mbali na pua ya mtu, la sivyo utapima dirisha au utampima mtu.

Kipima hichohicho kinaweza kukupa idadi ya mabadilisho kwa saa. Subiri watu wengi watoke, kwa mfano baada ya kikao cha asubuhi, acha kifaa ndani, madirisha na feni zikiwa kama zinavyokuwa wakati wa kazi, uangalie kinavyoshuka. Tuseme kimetoka 2,000 hadi 800 kwa dakika 15. Toa ile 420 ya nje kwenye kila namba: 1,580 na 380. Gawanya: 4.16. Bonyeza kitufe cha "ln" kwenye kikokotoo cha simu: 1.43. Gawanya kwa robo saa: chumba kinabadilisha hewa karibu mara 5.7 kwa saa. Kumbuka tu kwamba hewa ukaa haichujwi na kichujio wala kuuawa na taa, hivyo kipima hiki hakiwezi kukusifia mashine za hatua ya 7.

Hatua ya 4: Fungua, na uondoe sababu ya kufunga

Hapa ndipo ningependa uwekeze muda wako mwingi.

Watafiti walipima vyumba 70 katika hospitali nane za Lima, Peru, na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Madirisha na milango ikiwa wazi, wastani wa kati ulikuwa mabadilisho 28 kwa saa. Vyumba vya kisasa vya kutenga wagonjwa, vyenye mashine, huhesabiwa kwa 12. Majengo ya zamani, yenye dari refu na madirisha makubwa, yalifikia 40, huku mapya yanayotegemea madirisha yakiishia 17. Wajenzi wa kale hawakuwa na kipima hewa ukaa, ila walijua mgonjwa wa kifua anahitaji nini.

Sasa tatizo. Hakuna wodi niliyoikagua ambayo haikuwa na madirisha. Nyingi zilikuwa na madirisha yaliyofungwa. Ukiandika tangazo "Madirisha yawe wazi muda wote" na kuondoka, saa tatu usiku utasikia, "Sista, funga hilo, baridi," na sista atalifunga kwa sababu yeye pia anasikia baridi. Kwa hiyo tembea dirisha kwa dirisha ukiuliza kwa nini hili limefungwa. Majibu yatakuwa tofauti. La kwanza lina komeo bovu. La pili linaingiza mvua. La tatu linaelekea jalalani. La nne liko juu ya kichwa cha mgonjwa, na kitanda kikisogezwa hatua moja lugha inabadilika. La tano, mbu; weka wavu, lakini uuoshe, kwani wavu uliojaa vumbi ni ukuta. La sita lilipakwa rangi likagandishwa na hakuna anayekumbuka lini.

Kwenye saa za baridi usifunge yote: acha ya juu, karibu na dari, yawe wazi, na yale yanayompuliza mgonjwa moja kwa moja yafungwe. Kama mnajenga au mnakarabati, jueni kwamba dirisha la kusukuma pembeni, kioo kikiteleza nyuma ya kingine, hufunguka nusu tu. Na uwazi uwe pande mbili zinazotazamana. Madirisha manne upande mmoja hayafiki mawili yanayoangaliana.

Kiyoyozi cha ukutani nakitaja peke yake kwa sababu kimewadanganya watu wengi. Kile cha kawaida hakileti hewa kutoka nje hata kidogo. Huvuta hewa ya chumbani, kuipoza na kuirudisha palepale, na ili kifanye kazi watu hufunga madirisha yote. Chumba kinakuwa baridi, kinanukia vizuri, na ni hatari kuliko kilivyokuwa jana. Kama lazima kiwepo, lazima pia iwepo feni inayoingiza hewa ya nje au inayonyonya ya ndani. Pangaboi nalo halileti hewa mpya, ila linasaidia kuchanganya ya dirishani na ya kona. Liwashwe madirisha yakiwa wazi.

Na kabla ya yote hayo, mwondoe anayekohoa kwenye foleni. Mtu mmoja mlangoni aulize kila anayeingia kama ana kikohozi, ampe barakoa, ampeleke kusubiri mahali pa wazi penye paa tu bila kuta, ahudumiwe mapema. Hakuna dirisha linaloshindana na hilo.

Hatua ya 5: Chumba cha kutenga

Mgonjwa wa kifua kikuu, surua au tetekuwanga awekwe chumba ambacho hewa ya koridoni inaingia ndani na ya ndani inatokea nje ya jengo, kamwe si koridoni. Kwa chumba cha mashine, tofauti ya shinikizo kati ya chumba na korido iwe angalau paskali 2.5, na hewa ibadilishwe mara 12 kwa saa. Majengo ya zamani yanaruhusiwa 6. Feni inayonyonya lazima ishinde kiasi kinachoingizwa, na tundu lake la nje liwe mbali na madirisha, njia za watu na mahali jengo linapovutia hewa, angalau mita 8.

Kama hakuna mashine, chagua chumba cha mwisho upande ambao upepo unakwendea, chenye madirisha makubwa nje, na mlango wa koridoni ufungwe. Mlango ukikaa wazi, chumba cha kutenga hakipo tena. Weka kifaa cha kuufunga wenyewe, kwa maana anayetoka na sinia mikononi hatarudi kuufunga.

Mgonjwa akiondoka usiwaruhusu wasafishaji kuingia bila barakoa za kuchuja (kama N95) mpaka hewa aliyoiacha iishe chumbani. Kwa mabadilisho 12, asilimia 99 ya chembe huondoka kwa dakika 23 na asilimia 99.9 kwa dakika 35. Kwa mabadilisho 6 ni dakika 46 na 69. Kwa mabadilisho 2, ile asilimia 99.9 inahitaji dakika 207, yaani karibu saa tatu na nusu. Bandika namba ya chumba chako mlangoni, siyo jedwali zima.

Hatua ya 6: Vyumba vinavyosukuma hewa nje

Chumba cha upasuaji na chumba cha mgonjwa asiye na kinga hufanya kinyume: hewa iliyochujwa inaingizwa kwa wingi na kusukumwa kwenda koridoni. Upasuaji, viwango vya kisasa vinataka mabadilisho 20 kwa saa, angalau 4 kati yake yakiwa ya hewa ya nje, hewa ishuke kutoka juu ya meza na kunyonywa chini karibu na sakafu, unyevu kati ya asilimia 20 na 60. Adui mkubwa humo ni mlango. Kila unapofunguliwa shinikizo linayumba, kwa hiyo hesabu mara ngapi unafunguliwa katika upasuaji mmoja na utashangaa ni wangapi walifuata uzi au kuuliza jambo la simu. Vifaa viandaliwe mapema.

Mgonjwa asiye na kinga ambaye pia ana tetekuwanga anahitaji chumba chenye sebule ndogo mbele yake, maana chumba kimoja hakiwezi kusukuma na kuvuta kwa wakati mmoja.

Hatua ya 7: Mashine, sasa

Kisafisha hewa cha kuhamishika kiwe na kichujio cha HEPA, ambacho hukamata asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Linganisha uwezo wake na ukubwa wa chumba: kinachosafisha mita za ujazo 240 kwa saa kwenye chumba cha mita za ujazo 40 ni sawa na mabadilisho 6. Kwenye ile wodi yetu ya hatua ya 3, yenye mita za ujazo 180, hakifiki hata mawili. Angalia namba ya kasi ambayo watu wataivumilia, kwa sababu kwenye kasi ya juu hupiga kelele na usiku mtu atakipunguza. Kisiwekwe nyuma ya pazia.

Taa za urujuanimno za juu ya chumba zina historia nzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Baltimore, Marekani, Richard Riley na wenzake walipeleka hewa ya wodi ya kifua kikuu kwenye vizimba vya simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara. Waliovuta hewa hiyo waliambukizwa. Wale ambao hewa yao ilipitishwa kwanza kwenye mionzi hawakuambukizwa. Leo taa hizi, za nanomita 254, hufungwa angalau mita 2.1 kutoka sakafuni zikielekeza mwanga juu, na pangaboi lipeleke hewa huko juu. Dari likiwa fupi, achana nazo: macho na ngozi huungua. Unyevu mkubwa huzipunguza nguvu, na vumbi huzifunika. Zifutwe kwa spiriti zikiwa zimezimwa na kupoa. Kuwaka rangi ya buluu si ushahidi kwamba bado zinaua. Zipimwe kwa kifaa chake. Usinunue zile zinazopuliza ozoni, kwani ozoni huumiza mapafu uliyokuja kuyalinda.

Hatua ya 8: Maji na vumbi

Dari au ukuta uliolowa ukaushwe ndani ya saa 72, usipokauka ung'olewe. Kabla ya fundi kugonga tofali la kwanza, zuia eneo kwa plastiki kuanzia sakafu hadi dari, ziba matundu ya hewa, wahamishe wenye kinga dhaifu, kifusi kitoke kikiwa kimelowa na kufunikwa. Maji ya moto yahifadhiwe nyuzi 60 za Selsiasi, na bomba ambalo halitumiki liachwe lichuruzike kila wiki, kwa sababu Legionella hupenda maji ya vuguvugu yaliyotuama.

Hatua ya 9: Nani anaangalia, lini

Jina la mtu, siyo la idara. Kila zamu: madirisha na milango. Kila siku chumba cha kutenga kikiwa na mgonjwa: tishu chini ya mlango, matokeo yaandikwe. Kila mwezi: feni na grili zisafishwe. Vichujio vibadilishwe kwa kufuata kipima shinikizo chake, siyo kwa kukumbuka. Anayevitoa avae barakoa ya kuchuja na glavu.

Tena, kwenye grili ya kila feni ya kunyonya bandika ukanda mfupi wa tishu, ubadilishwe kila wiki. Ukiwa umenata kwenye grili, feni inavuta. Siku utakayoukuta unaning'inia, feni imekufa, hata kama swichi imewashwa na taa ya kijani inawaka. Nimeshakuta moja iliyokuwa ikinguruma vizuri kabisa huku bomba lake limechomoka juu ya dari.